Ziwa la Nzilo na Wavuvi Wake

Watu wengi wa Kolwezi wameliona ziwa la Nzilo, na walio wengi zaidi wamekula samaki wake. Lakini si wote wanaokumbuka kwamba ziwa hili halikuwako tangu kuumbwa kwa dunia. Babu zetu hawakulijua. Walijua mto, mabwawa ya majani kandokando ya mto, na makorongo ya mawe ambamo maji yalinguruma mchana na usiku. Ziwa lilifanywa na watu mwanzoni mwa miaka ya 1950, nalo halikufanywa kwa ajili ya samaki, wala kwa ajili ya vijana wanaokwenda kuogelea siku ya Dominika. Lilifanywa kwa ajili ya shaba. Samaki walikuja wenyewe, na watu wakawafuata samaki. Jinsi jambo hilo lilivyotokea yafaa ielezwe, maana ndani yake mna habari ya kazi, ya chakula na ya mapumziko, mambo matatu ambayo kila mfanyakazi wa machimbo huyawaza kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi.

Kwanza tuutazame mto. Lualaba huzaliwa katika nyanda za juu za kusini, karibu na mpaka wa Zambia, ukaenda kaskazini. Ukifika pande za Kolwezi hukutana na milima, ukaipasua na kushuka kwa nguvu katika makorongo ya Nzilo. Baadaye hutulia, hupita Bukama, huingia katika bonde la maziwa ya Upemba na Kisale, huendelea mpaka Kongolo na Kindu, na huko Kisangani hupata jina la Kongo. Daktari Livingstone aliuona huko Nyangwe mwaka 1871 akadhani pengine ndio mwanzo wa Nile. Akafa mwaka 1873 akiwa bado na wazo hilo. Tusimcheke. Mto unaokwenda kaskazini siku nyingi hivyo, nani angekisia kwamba utageuka magharibi na kuingia bahari nyingine kabisa?

Uvuvi na shaba ni ndugu wa zamani sana katika mto huu. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Wabelgiji wawili, Nenquin na Hiernaux, walichimba makaburi ya kale mahali paitwapo Sanga, ukingoni mwa ziwa Kisale. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo. Walikuta wafu waliozikwa na vyungu vizuri, mapambo ya shaba, na pamoja nayo ndoana na vyusa vya kuvulia samaki. Makaburi mengine yana umri wa miaka elfu moja na zaidi. Sasa, huko Kisale hakuna machimbo ya shaba hata moja. Shaba ililazimika kutoka kusini, katika ukanda huu wetu wa vilima vya mawe ya kijani, mwendo wa siku nyingi. Nadhani si kosa kufikiri kwamba aliyepeleka shaba hakurudi mikono mitupu, na kwamba mzigo wake wa kurudia ulikuwa na harufu ya samaki mkavu. Ndiyo kusema, kabla ya Mzungu yeyote kuyaona makorongo ya Nzilo, wayeyushaji wa shaba na wavuvi wa Lualaba walikuwa wamekwisha kulishana kwa muda wa vizazi vingi.

Njia za kuvua zilikuwa nyingi. Migono ilisukwa kwa fito, ikategwa penye mwanya wa uzio uliozuia kijito. Wanawake waliingia na matenga katika madimbwi ya kiangazi. Palikuwa na ndoana, na palikuwa na utupa, yaani dawa ya majani inayolewesha samaki, ambayo wazee hawakuruhusu itumiwe hovyo. Mahali pengi dimbwi lilikuwa na mwenyewe, naye ndiye aliyetoa idhini ya siku ya kuvua. Wageni waliokuja baadaye waliona hayo kuwa ushirikina mtupu. Ushirikina ulikuwamo, sikatai. Lakini ndani yake mlikuwamo pia akili ya kumwacha samaki azae.

Mwaka 1891 ndio mwaka ambao wageni waliingia kwa wingi. Mfalme Msiri wa Wayeke alitawala huko Bunkeya, na Wasanga walikuwa wamemwasi. Mashamba yalichomwa, watu wakakimbia, njaa ikaingia. Katika nchi hiyo yenye njaa zikafika safari za Wabelgiji, moja baada ya nyingine: ya Paul Le Marinel, ya Alexandre Delcommune, ya Stairs, na ya Bia na Francqui. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa safari ya Stairs. Delcommune, alipotoka Bunkeya, alikwenda kusini mpaka Lualaba, akachonga mitumbwi akitumaini kuteremka nayo. Makorongo ya Nzilo yakamzuia. Wapagazi wa safari hizo walikufa kwa njaa na ugonjwa njiani. Bia mwenyewe alifia Tenke mwaka 1892, na Francqui akashika uongozi mahali pake. Katika safari hiyo alikuwamo mtaalamu wa mawe, Jules Cornet, ambaye daftari zake ndizo zilizowaambia wakubwa wa Brussels ni utajiri gani uliolala chini ya majani ya Katanga.

Nayataja majina haya kwa sababu yatarudi. Miaka sitini baadaye yaliandikwa juu ya kuta za saruji.

Kampuni ya Union Minière ya Katanga ya Juu iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Mwanzoni iliyeyusha shaba kwa moto wa makaa, lakini mawe mengi ya huku hayafai sana kwa njia hiyo. Njia iliyo bora ni kuyalowesha katika asidi mpaka shaba iyeyuke majini, kisha kupitisha umeme, na shaba safi hujibandika yenyewe kwenye bamba. Kazi hiyo hula umeme kama moto ulavyo kuni. Makaa yalikuwa ya kununuliwa kutoka mbali, maporomoko ya maji yalikuwa bure. Basi kampuni-binti iitwayo Sogefor ikapewa kazi ya kufunga mito. Ilianza na mto Lufira, kwenye maporomoko yaliyopewa jina la Cornet, huko Mwadingusha. Kufika mwaka 1930 mtambo ulikuwa tayari, ukaitwa Francqui. Na nyuma ya ukuta lilitanda ziwa pana lenye kina kifupi, ambalo leo twaliita Tshangalele. Chini yake mtoni, huko Koni, mtambo wa pili ulimalizika mwaka 1950, ukaitwa Bia. Halafu ikaja zamu ya Lualaba. Mlango wa makorongo ya Nzilo ulizibwa, maji yakarudi nyuma yakafunika nyanda za majani, na mtambo wenye nguvu ya megawati 108 ukaitwa Delcommune. Hata ziwa lenyewe liliandikwa kwenye ramani kwa jina la Delcommune. Mwishowe, mbele kidogo mtoni, ukajengwa ule wa Nseke, megawati 248, ulioitwa Le Marinel. Mwaka 1956 umeme wa mitambo hii ulivuka mpaka mpaka Kitwe, kuendesha machimbo ya Rodezia ya Kaskazini, kabla bwawa la Kariba halijamalizika.

Basi angalia jinsi mambo yalivyopinduka: watu wale ambao misafara yao ilikufa njaa katika nchi hii, majina yao yaliwekwa juu ya maji ambayo baadaye yalilisha maelfu. Wapagazi hawakupewa hata jina la kijito. Katika miaka ya 1970, serikali ya Zaire ilipobadilisha majina ya kigeni, Delcommune akafutwa, na Nzilo, jina la makorongo yenyewe, likarudi mahali pake.

Wajenzi wa mabwawa walikuwa mainjinia. Walihesabu mita za maji na kilo za saruji, hawakuhesabu samaki. Lakini katika ofisi nyingine za kampuni walikuwako watu waliohesabu chakula kila siku. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliacha desturi ya kuleta wanaume peke yao kwa miezi michache. Ikawaandika kwa miaka mitatu, ikawaruhusu waje na wake zao. Kambi zikajaa watoto. Kila juma posho iligawanywa: unga wa bukari, mafuta ya mawese, chumvi, nyama au samaki. Nyama ilikuwa ghali. Samaki wengi walitoka Luapula na ziwa Mweru. Huko Kasenga wafanyabiashara Wagiriki walinunua samaki kwa wavuvi, wakawapakia kwenye barafu, na magari yakakimbia usiku kwenda Elisabethville. Wakatoliki wazee watakumbuka pia kwamba katika siku zile Ijumaa haikuwa siku ya nyama. Sheria hiyo ilishikwa hivyo mpaka mwaka 1966, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alipowapa maaskofu wa kila nchi uwezo wa kuiagiza kwa namna nyingine. Sisemi kwamba Ijumaa ndiyo iliyowatajirisha wafanyabiashara wa Kasenga. Njaa ya siku nyingine sita ilitosha.

Luapula uliumia. Kulikuwa na samaki aitwaye mpumbu, ambaye kila mwaka mvua zilipojaza mto alipanda kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Zamani watu waliwavua wachache kwa migono. Nyavu mpya za dukani zilipokuja na soko la machimbo likawa halishibi, mpumbu alinaswa akiwa njiani, tumbo limejaa mayai. Karibu na mwaka 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha kuvunjika. Samaki aliyelisha miji miwili akawa hadithi ya wazee.

Hapo ndipo serikali na kampuni zilipotazama kwa jicho jingine maji mapya waliyoyafanya wenyewe. Huko Kipopo, karibu na Elisabethville, mtaalamu De Bont na wenzake walianza mwaka 1946 kufuga perege katika mabwawa madogo. Walichagua aina mbili. Mmoja ni yule ambaye wataalamu humwita macrochir, samaki wa Zambezi ya juu, Kafue na Bangweulu. Wa pili ni yule alaye majani, ambaye siku hizo aliitwa melanopleura na leo huitwa rendalli. Kutoka Katanga ufugaji huo ulienea katika Kongo nzima, na katika nchi nyingine za Afrika. Macrochir alipelekwa Rwanda, na mpaka Madagaska alifika, katika miaka ya 1950.

Tabia ya samaki hawa inastahili kuelezwa kidogo, kwa kuwa bila kuijua huwezi kuelewa taabu ya mvuvi wa ziwa la umeme. Macrochir dume huja penye maji mafupi, hufagia mchanga kwa mkia na kinywa mpaka apate kiota cha mviringo. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai yote kinywani mwake, hukaa nayo siku kadhaa bila kula mpaka watoto waanguliwe. Hata baada ya hapo, wakitishwa, hukimbilia kinywani mwa mama. Rendalli yeye hayabebi mayai. Huyaacha kiotani, baba na mama wakalinda pamoja. Sasa fikiri: mhandisi wa mtambo ahitaji umeme zaidi, afungua maji. Ziwa lapungua. Kwa samaki wa kilindini si neno. Lakini viota vya ukingoni vyabaki juu ya ukavu, jua likavichoma. Kila bwawa la umeme lina ugomvi huu wa kimya kati ya mashine na kiota, na mara nyingi kiota ndicho kishindwacho.

Tena kuna jambo jingine ambalo wavuvi wa maziwa mapya hulishuhudia. Maji yafunikapo nchi kavu kwa mara ya kwanza, majani na miti huoza, uchafu huo hulisha vijidudu, vijidudu hulisha samaki, na miaka ya kwanza huwa ya neema. Watu hudhani itakuwa hivyo daima. Chakula kile kikiisha samaki hupungua, na mvuvi husema amelogwa. Tshangalele, kwa kuwa ni pana na fupi na jua hufika chini, limeendelea kuwa na rutuba kuliko Nzilo, lililoingia kati ya milima. Mwenye kuuliza kwa nini ziwa moja humpa mtu riziki kuliko jingine, jibu mara nyingi liko katika kina cha maji kuliko katika dawa ya mganga.

Sasa tuje kwenye mapumziko. Katika mwaka ule ule wa 1891, Msiri alipokuwa bado hai, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alitoa barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, Rerum Novarum. Alidai, pamoja na mengine, kwamba mfanyakazi apewe pumziko la Dominika, na pumziko la kutosha kuzirudisha nguvu zilizotumika kazini. Naye hakuwasahau wachimbaji wa mawe na madini, ambao alisema saa zao zifupishwe kulingana na ugumu wa kazi. Maneno hayo yalichukua muda mrefu kufika Katanga, na yalipofika hayakumfikia kila mtu kwa kipimo kimoja.

Mji wa Kolwezi ulianza mwaka 1937. Ulipangwa kama miji mingine ya kampuni: upande huu nyumba za Wazungu zenye bustani, upande ule kambi za wafanyakazi Waafrika, na kati yao nafasi tupu. Mapumziko nayo yalipangwa vivyo hivyo. Ziwa lilipojaa, mashua za tanga za waajiriwa Wazungu zilionekana juu ya maji siku za mapumziko. Familia zilileta vikapu vya chakula, wanaume walitupa mishipi yao ya nailoni, na aliyepata perege wawili alipigwa picha nao. Kwa mfanyakazi wa Musonoi au Ruwe, ziwa lilikuwa mbali kwa miguu, na kwa gari hakuwa na gari. Kwake kampuni iliweka mpira wa miguu, bendi, sinema, na madarasa ya kushona kwa wanawake. Tusidharau: timu za mpira zilileta furaha ya kweli, na wengine bado wazitaja majina ya wachezaji. Lakini ilikuwa furaha iliyopangwa ofisini, na saa zake zilijulikana.

Kitu kimoja hakikupangwa ofisini. Tangu mwaka 1953, huko Ruwe, Padre Placide Tempels, Mfransisko, aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, alianza kukutana na wachimbaji na wake zao. Wakakaa pamoja jioni baada ya kazi, mume na mke kwa usawa, wakazungumza juu ya uzima, uzazi na upendo, wakajiita Jamaa. Padre Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, na baadaye Jamaa ilipata misukosuko na maaskofu, ambayo si habari ya leo. Naitaja kwa sababu ilionyesha kwamba mtu wa machimbo, akipewa saa mbili zilizo zake kweli, hatafuti daima kuchezeshwa. Hutafuta kukaa na mwenzake. Na mtu yeyote aliyewahi kuketi kandoni mwa maji na ndoana, karibu na rafiki asiyesema sana, atajua kwamba kuvua samaki ni ndugu wa mazungumzo ya namna hiyo. Si bure kwamba Mtume Petro, katika siku zile za wasiwasi baada ya Ufufuko, alirudi ziwani pamoja na wenzake. Mwinjili Yohane hakuona haya kuhesabu samaki waliovuliwa: 153.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Union Minière ilitwaliwa na serikali katika mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 twaijua kwa jina la Gécamines. Weusi waliingia katika nyumba za bustani na katika klabu. Mwaka 1978, mwezi wa Mei, vita ilifika mjini Kolwezi kwenyewe. Watu mamia waliuawa, Waafrika na Wazungu, na familia nyingi za Ulaya ziliondoka zisirudi. Mashua za tanga zilipungua. Hata hivyo kwa miaka michache mfanyakazi wa Gécamines aliweza bado kupanda lori siku ya mapumziko kwenda ziwani na mshipi, akarudi jioni na samaki watano na hadithi ya wa sita aliyemponyoka.

Ndipo kampuni ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 zilibaki karibu tani 50,000 tu. Machimbo makuu ya Kamoto yalikuwa yamebomoka mwaka 1990. Mishahara ilichelewa mwezi, halafu miezi, halafu miaka. Posho ilikoma. Katika mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na kiasi walicholipwa wengi bado wanakilalamikia. Nani asiyejua yaliyofuata katika kambi? Mafundi waliokuwa wakiendesha mashine kubwa walilima mihogo. Wengine waliingia mashimoni na nyundo kuchimba kobalti kwa mikono. Na wengine walichukua ule mshipi wa Dominika wakaenda nao Jumatatu. Ndoana ni ile ile na maji ni yale yale. Lakini mtu anayevua kwa kupumzika hurudi nyumbani jua likizama hata kama kapu ni tupu. Anayevulia watoto saba hawezi kurudi.

Hiyo ndiyo sababu nyavu za macho madogo zimejaa katika maziwa yetu, na hata vyandarua vilivyotolewa kwa ajili ya malaria hukokotwa majini. Ni rahisi kuwakemea wavuvi, na sheria ni sharti zifuatwe: katika Luapula na Mweru uvuvi hufungwa miezi ya mvua kubwa, kuanzia Desemba, na somo la mpumbu laonyesha kwa nini. Lakini mwenye kukemea ajue kwamba mengi ya makosa haya yaliingia majini pamoja na njaa, mishahara ilipokatika. Mwenye dimbwi wa zamani aliweza kufunga maji kwa sababu watu wake walikuwa na mashamba ya kungojea.

Siku hizi watu wa mjini wameanza tena kwenda Nzilo kupumzika. Kolwezi umekuwa mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, fedha ya kobalti imeingia, na pamoja nayo magari na vijana wenye muziki. Si vibaya. Ingefaa tu kukumbuka kwamba ziwa la bwawa haliko kama kijito cha kijijini: ukingo hushuka ghafula, miti iliyozama huweza kushika miguu ya mwogeleaji, na mtumbwi uliochongwa kwa watu wanne hauwi wa watu kumi kwa sababu ni Pasaka. Tena penye maji yaliyotulia na majani hukaa konokono wa kichocho. Mtoto akikojoa damu asipelekwe kwa mganga, apelekwe zahanati.

Lililo zito kuliko hayo halionekani kwa macho. Shaba ndiyo iliyozaa maziwa haya, na mabaki yake huyafuata. Huko Likasi maji machafu ya viwanda yaliingia kwa miaka mingi katika mto Panda, Panda ukaingia Lufira, na Lufira ndiyo inayojaza Tshangalele. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta metali nyingi katika nyama ya samaki wa ziwa hilo, kobalti ikiwamo. Kwetu Kolwezi, uchunguzi wa mwaka 2013 ulikuta hali mbaya katika maji na matope ya mito Luilu na Musonoi. Na mwezi wa Februari 2025, ng'ambo ya mpaka, ukuta wa bwawa la taka za machimbo karibu na Chambishi ulipasuka. Asidi ikaingia katika maji ya Kafue na samaki wakaelea wamekufa mbele ya wavuvi. Wakati huohuo kuta mpya zajengwa: huko Busanga, mtoni chini ya Nseke, umejengwa mtambo wa megawati 240 kwa ajili ya mradi wa shaba wa Wakongo na Wachina. Nyuma yake maji yamekusanyika, na pasipo shaka perege watayapata, na wavuvi watawapata perege.

Mama anayenunua samaki sokoni hufunua mashavu, hutazama jicho, hunusa. Ni vipimo vizuri, alivyorithi kwa mama yake, navyo humwambia kama samaki amevuliwa leo au juzi. Kobalti haina harufu. Vyombo vya kuitambua viko, na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekwisha kuipima katika miili ya watu wanaokaa karibu na machimbo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009. Parokia za kando ya Nzilo, pamoja na wavuvi wenyewe, zingeweza kuomba kwamba samaki wachache wa ziwa hili wapimwe kila mwaka mwisho wa kiangazi, na majibu yasomwe kanisani siku ya Dominika, pale pale yanaposomwa matangazo ya ndoa.